Ile grafu ya vifo haioneshi wodi

Kuna grafu moja imekuwa ikizunguka kwenye magroup ya WhatsApp tangu ule mlipuko wa surua wa Texas mwaka 2025, na kama una mtoto wa umri wa kliniki basi bila shaka ushatumiwa. Mstari mwekundu unaanzia juu kabisa karibu mwaka 1900, unateremka kama mtu anayeteleza kwenye matope, halafu kule mwisho, mstari ukiwa ushalala chini, kuna kamshale kameandikwa "chanjo inaanza hapa". Ujumbe wake ni kwamba wazungu walishamalizana na magonjwa ya watoto kwa maji safi, chakula cha maana na hospitali nzuri, chanjo yenyewe ikaja kudandia basi ambalo lilishafika stendi. Mi nimetumiwa mara tatu, mara ya mwisho na shemeji yangu ambaye ni mhasibu na sio mtu wa kudanganywa kirahisi, na swali lake lilikuwa la haki kabisa: kama hospitali zilikuwa zinatibu, kwa nini tusitibu tu? Hoja yangu naisema mapema ili tusizungushane. Ile grafu sio feki, namba zake nyingi ni za kweli, ila inahesabu makaburi tu, haihesabu wagonjwa. Vifo vilishuka kwa sababu kulikuwa na wodi, farasi wa kutolewa damu ya kutengenezea dawa, manesi na vitanda kwa maelfu vya kuwang'ang'ania watoto wasife, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea kugonga hodi kila mwaka kama kawaida. Na anayesema leo "tutatibu tu" anatutuma kwenye hospitali ambayo imeshafungwa, tena imefungwa kwa sababu chanjo ilifanya kazi.

Tuanze na dondakoo maana ndio ugonjwa uliojaza wodi za watoto enzi hizo, na wengi wetu tunalijua kama jina tu kwenye kadi ya kliniki, limekaa katikati ya kifaduro na pepopunda. Bakteria anakaa kooni na kutoa sumu, sumu inaua nyama ya koo, na ile nyama iliyokufa inatengeneza utando wa kijivu mzito kama ngozi, ukijaribu kuubandua panatoka damu. Mtoto mdogo njia yake ya hewa ni nyembamba kama mrija wa soda, kwa hiyo utando ukishuka mpaka kwenye koromeo anaanza kukoroma akiwa macho, shingo imevimba, midomo inageuka rangi, na ananyongwa taratibu mama yake akimwangalia. Kabla ya 1894 daktari hakuwa na kitu cha kuizuia ile sumu. Alikuwa na birika la mvuke pembeni ya kitanda, alikuwa na kisu cha kutoboa koo ili hewa ipitie chini ya utando, operesheni ambayo daktari Bretonneau aliifanikisha kwa mgonjwa wa dondakoo kule Ufaransa mwaka 1825, na miaka ya 1880 ikaja tyubu ya Joseph O'Dwyer wa hospitali ya watoto waliotelekezwa ya New York. Hebu fikiria hiyo tyubu inavyoingizwa: mtoto kafungwa kwenye shuka mikono imebanwa, nesi kamshika kichwa, daktari anaingiza kidole cha kushoto mpaka nyuma ya ulimi akitafuta mlango wa hewa kwa kupapasa, hakuna taa hakuna kamera, kisha anateremsha kabomba ka chuma juu ya kidole chake mwenyewe, na yote hayo yaishe kwa sekunde chache maana muda huo mtoto hapumui kabisa. Na daktari naye hakuwa salama. Pale London kuna bustani inaitwa Postman's Park, ukutani pana vigae vya kuwakumbuka watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine, na kimojawapo ni cha Samuel Rabbeth, daktari kijana wa Royal Free Hospital, aliyefariki Oktoba 1884 baada ya kufyonza kwa mdomo wake tyubu iliyoziba kwenye koo la mtoto mwenye dondakoo.

Hapa lazima nikiri kitu kwa upande wangu mwenyewe, upande wa wanaotetea chanjo, maana na sisi tuna uvivu wetu. Tumezoea kusema kwamba kabla ya chanjo hospitali hazikuweza lolote, watoto walilazwa tu wakisubiri kufa. Sio kweli, na ndio maana tukionyeshwa ile grafu tunababaika. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato waligundua kwamba mnyama akizoeshwa ile sumu kidogo kidogo, damu yake inatengeneza kitu cha kuizima, na kitu hicho unaweza kukichukua ukampa mwingine. Emile Roux wa Paris akachukua farasi kwa sababu farasi ana damu nyingi na anavumilia, akatengeneza seramu, akaanza kuwachoma watoto wa hospitali ya Enfants-Malades Februari 1894. Miaka minne ya nyuma pale pale, zaidi ya nusu ya watoto wa dondakoo walikuwa wanakufa. Kwa seramu, watoto 448 walitibiwa wakafa 109, yaani kama robo hivi, na wakati huo huo hospitali nyingine ya hapo hapo Paris, Trousseau, ambayo haikuwa na seramu, iliendelea kuzika watoto 6 kati ya kila 10. Roux alipoyasoma matokeo hayo kwenye kongamano la Budapest mwezi Septemba ukumbi ulilipuka, gazeti la Le Figaro likaanza kuchangisha hela za kutengenezea seramu nchi nzima, na Behring akaja kuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa Nobel ya tiba mwaka 1901.

Waliokuwa na mashaka walisema labda mwaka huo ugonjwa ulikuwa mpole tu, na sio hoja ya kipuuzi, milipuko inatofautiana ukali kweli. Daktari wa Denmark, Johannes Fibiger, akaamua kuimaliza. Pale Blegdamshospitalet Copenhagen, kuanzia Mei 1896 hadi Mei 1897, aliyelazwa leo anapewa seramu, aliyelazwa kesho hapewi, keshokutwa anapewa, hivyo hivyo mwaka mzima, daktari hachagui nani wa kumpa. Waliopewa walikuwa 239 wakafa 8, wasiopewa 245 wakafa 30. Mpaka leo jaribio hilo linafundishwa vyuoni kama mojawapo ya majaribio ya kwanza ya dawa yaliyofanywa kwa haki (kichekesho ni kwamba Fibiger alikuja kupewa Nobel kwa utafiti mwingine wa minyoo na kansa ambao ulionekana baadaye umekosea). Kwa hiyo naam, hospitali ya mwanzo wa karne ya 20 ilitibu, na sehemu kubwa ya ule mteremko wa dondakoo kwenye grafu ya shemeji ni kazi ya seramu, anayebisha hilo anabishana na Fibiger.

Lakini sasa tuingie wodini tuone huo mteremko ulilipiwa nini. Seramu inaizima sumu ambayo bado inazunguka kwenye damu, ile ambayo ishaingia kwenye moyo na mishipa ya fahamu haiwezi kuitoa tena. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa ni siku. Mtoto aliyechomwa siku ya kwanza ya ugonjwa karibu kila mara alipona, siku ya pili hatari ikaanza kuonekana, na aliyefikishwa siku ya nne au ya tano hali ilikuwa mbaya tena. Na nani anafika siku ya kwanza? Siku ya kwanza dondakoo ni koo linawasha na kajoto kadogo, kila mzazi anajua hapo unafanya nini, unampa maji ya uvuguvugu unasubiri. Wakishachomwa wengi walipata homa ya seramu, wiki moja au mbili baadaye mwili unajaa vipele, viungo vinavimba, kwa sababu mwili unapigana na protini ya farasi, Clemens von Pirquet na Béla Schick wa Vienna ndio walioielezea vizuri mwaka 1905. Halafu kuna ile sehemu inayonisumbua mimi kuliko zote, ya moyo. Koo limepona, utando umetoka, mtoto anataka kucheza, na wiki ya pili au ya tatu anainuka ghafla kitandani kumpokea nesi na moyo unasimama hapo hapo. Ndio maana waliolazwa kwa dondakoo walilala chali wiki nyingi bila mto, wanalishwa kwa kijiko, hawaruhusiwi hata kukaa. Wodi nzima ya watoto wa miaka minne mitano wamelazwa wanaangalia dari. Hakuna grafu inayoweka hilo.

Na wale wanaosema wanaogopa sindano za chanjo kwa hiyo bora matibabu, naomba wasome yaliyotokea St. Louis, Marekani, mwaka 1901. Kulikuwa na farasi mmoja mstaafu wa gari la maziwa aitwaye Jim, alikuwa anatoa seramu ya dondakoo ya mji, akapata pepopunda, akauawa, lakini seramu iliyotolewa kwenye damu yake wakati pepopunda ishaingia ikawa imeshasambazwa kwa wagonjwa. Watoto 13 wakafa kwa pepopunda waliyopewa na dawa. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kwanza ya kusimamia seramu na chanjo kitaifa. Ile ilikuwa ni tiba iliyoua, sio chanjo, na ilikuwa lazima iwe na hatari kubwa zaidi kwa sababu tiba ya namna hiyo inamwagwa kwenye mwili wa mtoto anayekufa, kwa wingi, haraka, hakuna muda wa kuuliza mara mbili.

Turudi kwenye namba. Kama tiba peke yake ingetosha, basi kufikia 1921 Marekani ingekuwa imeshapumzika, maana seramu ilikuwepo tangu 1895, miji mikubwa kama New York ilikuwa inatengeneza yenyewe, madaktari walishaizoea robo karne nzima. Mwaka huo huo wa 1921 Marekani iliripoti wagonjwa 206,000 wa dondakoo na vifo 15,520. Watoto walikuwa wanaugua kama zamani, tofauti ni kwamba sehemu kubwa zaidi walikuwa wanaokolewa, na kila aliyeokolewa alikuwa amekula kitanda, seramu na wiki kadhaa za manesi. Halafu waangalie Waingereza, maana kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote. London ilikuwa na mtandao wa hospitali za homa, yaani za magonjwa ya kuambukiza, ambao sidhani kama mji mwingine duniani uliufikia, bodi ya jiji iliyoitwa Metropolitan Asylums Board walijenga zaidi ya kumi zikizunguka jiji lote, zenye vitanda kwa maelfu na magari yao ya wagonjwa ya farasi, hata meli za mtoni za kupeleka wenye ndui. Waingereza waliziamini sana hospitali hizo, kiasi kwamba chanjo ya dondakoo, ambayo Gaston Ramon wa Ufaransa aliipatia njia salama mwaka 1923 na Canada wakaichangamkia miaka ya 1920, wao waliichelewesha kwa nchi nzima mpaka vita vilipowakuta mwaka 1940. Mwaka huo Uingereza, yenye maji ya bomba na hospitali hizo zote, iliandikisha wagonjwa zaidi ya 61,000 na vifo 3,283. Mwaka 1957, baada ya miaka 17 ya kuchanja, wagonjwa 38 na vifo 6. Sijui nani alijenga mabomba mapya ya maji hapo katikati ya mabomu ya Hitler.

Kwa hiyo hoja ya usafi ndio dhaifu kuliko zote kwa ugonjwa huu, ingawa kwa magonjwa mengine ni hoja nzito na sitaki kuibeza. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara kwa watoto, huko maji safi na vyoo vilifanya maajabu kabla ya dawa yoyote, na hapa kwetu kazi hiyo bado hatujaimaliza, mtu akikwambia kuna kata ndani ya miji yetu watoto wanakunywa maji ya kisima kilicho jirani na choo huna la kumjibu. Lakini dondakoo na surua haviji kwa maji, vinakuja kwa pumzi na mate ya aliyekaa karibu na wewe, na pumzi haijali umeoga. Princess Alice, binti wa Malkia Victoria, aliolewa kule Hesse Ujerumani, akaishi ikulu, na ni mwanamke aliyejali sana mambo ya uuguzi na usafi. Novemba 1878 dondakoo liliingia hapo ikulu, mume akaugua, watoto watano wakaugua, kabinti kake Marie ka miaka minne kakafa, na tarehe 14 Desemba Alice mwenyewe akafuata. Rais mstaafu wa Marekani Grover Cleveland alimpoteza binti yake Ruth kwa dondakoo Januari 1904, miaka kumi baada ya Roux kusimama Budapest, na bila shaka nyumba ile haikukosa sabuni wala daktari. Wakitaka mfano wa karibuni zaidi upo pia: Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, uchanjaji ukalegea, na miaka ya 1990 nchi zile zikapata wagonjwa zaidi ya 150,000. Madaktari walikuwepo, mabomba yalikuwepo, kilichopungua kilikuwa kinga.

Surua ina hadithi yake na hapa wenzetu wana hoja nzuri kidogo kuliko wanavyojua. Hospitali za homa za London kwa miaka mingi hazikutaka kabisa kulaza surua, zililaza ndui, dondakoo na ile homa ya vipele vyekundu (scarlet fever), surua na kifaduro vikabaki nyumbani mpaka karibu 1911, japo vilikuwa vinaua watoto wengi kuliko hiyo homa ya vipele. Sababu mojawapo ni kwamba mtoto mmoja wa surua akiingia wodini anaambukiza wodi nzima kabla vipele havijatoka. Charles Chapin kule Providence, Marekani, kwenye hospitali ya mji iliyofunguliwa 1910, alionyesha kwamba ukimfundisha nesi kunawa mikono na kubadili gauni kila kitanda, unaweza kuweka magonjwa tofauti chini ya paa moja na yasirukiane sana, lakini surua ndiyo iliyomsumbua hata yeye. Waliolazwa walikuwa wanakufa kwa nimonia, na mwaka 1932 daktari J. B. Ellison wa Grove Hospital London akajaribu kitu: watoto 600 wa surua, 300 akawapa vitamini A kwa wingi, 300 hawakupewa. Wasiopewa walikufa 26, waliopewa walikufa 11. Ni tofauti kubwa, ikasahaulika miaka hamsini, mpaka ikaja kurudiwa hapa hapa kwetu kwenye hospitali ya Mvumi, Dodoma, ambako madaktari walilaza watoto 180 wa surua, wakapata vifo 6 kati ya 88 waliopewa vitamini A na 12 kati ya 92 ambao hawakupewa, matokeo yakachapishwa 1987. Yale matone ambayo mwanao anadondoshewa mdomoni kliniki yana deni kwa wodi ya Mvumi.

Sasa Texas 2025 watu walichukua nusu ya hadithi hiyo wakakimbia nayo, kwamba mafuta ya samaki na vitamini A ndio jibu la surua. Mlipuko ule ulifikia wagonjwa 762 ndani ya Texas na watoto wawili wa umri wa shule wakafariki, wote hawakuwa wamechanjwa, na pale Lubbock madaktari wakaanza kupokea watoto ambao maini yao yalionyesha dalili za kuzidishiwa vitamini A nyumbani. Mimi nawauliza jambo moja tu la hesabu. Kwa Ellison, kwa dawa hiyo hiyo, ndani ya hospitali, na manesi wanazunguka usiku kucha, walikufa 11 katika 300. Huo ndio upande ulioshinda! Vitamini A haikumzuia hata mtoto mmoja kupata surua, ilimsaidia aliyekwisha kuipata asife, na hata huyo sio kila mara. Na wanaosema basi mstari ulikuwa ushafika chini kabla ya chanjo ya surua ya 1963, wasogee karibu na huo mstari waangalie vizuri hapo chini kulikuwa na nini: kila mwaka Wamarekani kati ya milioni 3 na 4 wanaugua, 48,000 wanalazwa, kama 1,000 wanavimba ubongo, na kati ya 400 na 500 wanakufa, kwenye nchi tajiri kuliko zote, yenye penisilini. Mhasibu yeyote akiletewa mahesabu ambayo upande wa hasara uko chini lakini gharama za uendeshaji hazijaandikwa kabisa, anayarudisha. Nilimwambia hivyo shemeji, akanitumia kikatuni cha mtu anakuna kichwa.

Kuna hoja ya uhuru nayo, kwamba mzazi ana haki ya kuamua na serikali isiingilie mwili wa mwanangu. Hii naiheshimu kuliko ya usafi, kwa sababu sisi tuna historia ya kufanyiwa mambo bila kuulizwa. Ila wanaoitoa wanaamini kwamba dunia bila chanjo ilikuwa na uhuru zaidi, na hapo ndipo wanapokosea vibaya. Mtoto wa London aliyeonekana na dondakoo au homa ya vipele alichukuliwa na gari, nguo zake zikachemshwa, kitanda kikafukizwa, na akikaa kwa homa ya vipele ni wiki sita hivi bila kumwona mama yake, ruhusa ya kumwona ndani ilitolewa akiwa mahututi. Mzazi alipewa namba, halafu jioni ananunua gazeti la mtaani kutafuta hiyo namba iko kwenye orodha gani, wanaoendelea vizuri, walio taabani, au walio hatarini. Mdoli alioingia nao wodini hakutoka nao. Na baada ya hayo yote kuna waliorudi nyumbani bado wamebeba ugonjwa wakawaambukiza wadogo zao, ilitokea mara nyingi mpaka madaktari wakawapa jina lao la kuwahesabia. New York mwaka 1916 polio ilipoua watu zaidi ya 2,000, maafisa wa afya waliingia majumbani kuchukua watoto kuwapeleka hospitali, hasa kwenye vyumba vya kupanga vya maskini na wahamiaji, mwenye nyumba kubwa yenye chumba cha peke yake na nesi wa kulipia aliachwa abaki na wake, na miji ya jirani ikaweka walinzi barabarani kuzuia familia zenye watoto zisipite bila cheti. Serikali isiyo na chanjo haikuwa mpole, ilikuwa haina kitu kingine cha kufanya zaidi ya kubisha mlango.

Mambo haya yana maana gani kwetu sasa hivi? Dondakoo lilirudi kwa kishindo Nigeria kuanzia mwisho wa 2022, Kano ikiwa ndio kitovu, na wakati wagonjwa wakihesabiwa kwa maelfu, wenye kazi hiyo, kina MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na wenzao, walikuwa wanahangaika kutafuta seramu. Ile seramu ya Roux bado ndiyo dawa, antibaiotiki zinaua bakteria lakini hazizimi sumu iliyokwisha kutoka, na bado inatoka kwenye damu ya farasi karibu kama ilivyotoka 1894. Kilichobadilika ni kwamba wanaoitengeneza duniani wamebaki wachache mno, kwa sababu ni dawa ya ugonjwa ambao nchi tajiri hazina, hakuna kampuni inayofuga farasi miaka nenda rudi kusubiri mgonjwa mmoja. Manesi wanaojua kumlaza mtoto wa dondakoo na kumchunga moyo wamestaafu au wamekufa. Daktari kijana anaweza kumaliza masomo yote na asiwahi kuuona ule utando. Na hili ndilo linalofanya mjadala wa "tuchague kutibu" uwe wa hatari kuliko wa mwaka 1900, maana wenzetu wa 1900 walikuwa na wodi, sisi tuna grafu. Juni 2025 serikali ya Marekani ilitangaza inasitisha mchango wake kwa Gavi, shirika ambalo linasaidia kununua sehemu kubwa ya chanjo za watoto kwa nchi kama zetu, kwa hiyo chaguo hilo linaweza kuja bila sisi kupiga kura wala kubishana kwenye group, likaja tu kama friji tupu kwenye zahanati. Wizara zetu za afya za Afrika Mashariki zinapaswa kuulizwa mambo mawili kwa pamoja, chanjo ya Penta, ambayo ndani yake mna ya dondakoo, itanunuliwa na nani pengo hilo likija, na chupa ngapi za seramu ya dondakoo ziko stoo leo, ziko mji gani, na zinaisha muda lini. Mbunge anayetaka swali zuri bungeni hilo hapo nimempa bure.

Na asidhani mtu kwamba hili ni la nchi maskini tu. Mei 2015, mji wa Olot kule Catalonia, Hispania, mtoto wa kiume wa miaka sita alianza kuumwa koo na homa. Hispania haikuwa imeona dondakoo karibu miaka 30, na wazazi wake hawakuwa wamemchanja. Ilipogundulika ni nini, nchi nzima ya Ulaya yenye hospitali za kisasa haikuwa na seramu hata chupa moja, ikabidi itafutwe nchi baada ya nchi mpaka ikapatikana Urusi, ikaletwa kwa ndege, ikafika mwanzoni mwa Juni siku zikiwa zimeshapita. Walimweka kwenye mashine zote walizokuwa nazo, akafariki tarehe 27 Juni. Walipowapima waliokuwa wamekaa naye karibu, wakakuta watoto wengine wanane wana bakteria yule yule kooni. Wote walikuwa wamechanjwa, na hakuna hata mmoja aliyeumwa.